Vikabichi vya Brussels: oveni, kikaango, mvuke au maji?

Vikabichi vya Brussels vikirudi jikoni vimesukumwa pembeni mwa sahani, walaji humlaumu mpishi na mpishi huilaumu mboga. Mimi nimefikia kuamini kwamba wa kulaumiwa ni maji. Kwa miaka mingi nilivipika kama nilivyofundishwa: unaviosha, unavitia sufuriani, unavichemsha mpaka uma uzame wenyewe. Vilitoka vimefifia, vinachuruzika, na harufu yake ilikaa kwenye mapazia hadi kesho yake. Siku moja oveni ilikuwa tayari ina moto kwa ajili ya kuku, nikavipasua vilivyobaki na kuvimwaga kwenye trei bila kufikiri sana. Mwanangu wa kati, ambaye hakuwahi kumeza hata kimoja, alisimama kando ya ile trei akiokota majani yaliyokauka pembeni, moja baada ya jingine, hadi nikamwomba atuachie na sisi.

Tangu hapo nimevipika kwa kila njia ninayoijua, na nimekuja kuona kwamba hakuna njia moja inayofaa kila nyumba. Anayepikia watu wawili baada ya kazi hahitaji kile anachohitaji mwenye wageni kumi, na mwenye mtoto anayeanza kula ana hesabu yake. Nitaziweka njia hizi bega kwa bega, nikisema wazi ipi naipendelea na kwa nini.

Uchungu unatoka wapi

Huwezi kuchagua njia kama hujui unapigana na nini. Kikabichi cha Brussels si kabichi changa. Ni chipukizi linaloota kwenye kwapa la jani, na mmea mmoja una shina refu linaloweza kufika mita moja, vikabichi vimejipanga juu yake kutoka chini hadi juu. Hata hivyo ni ndugu wa damu wa kabichi ya kawaida, brokoli na koliflawa. Zote ni spishi moja, Brassica oleracea. Jina linatokana na mji mkuu wa Ubelgiji, maana zao hili lina historia ndefu katika eneo hilo.

Ndugu hawa wote wana viambato vyenye salfa viitwavyo glukosinoleti. Ndani ya jani zima viambato hivyo vimekaa mbali na kimeng'enya chake, kama kiberiti na petroli vilivyowekwa vyumba tofauti. Ukikata, ukitafuna au ukiponda, kuta za seli zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na ndipo ule ukali wa kukaribiana na haradali unapozaliwa. Katika vikabichi, miongoni mwa glukosinoleti hizo, mbili ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uchungu: sinigrini na progoitrini. Mtafiti wa Uholanzi, Hans van Doorn, ndiye aliyezibainisha katika miaka ya 1990, na baada ya hapo wazalishaji wa mbegu walirudi kwenye mbegu za zamani zenye uchungu mdogo na kuzichanganya na zile zinazozaa sana. Kwa hiyo kama ulivichukia utotoni miaka mingi iliyopita, inawezekana kabisa kwamba vile ulivyokula vilikuwa vichungu kuliko vya leo. Ulimi wako haukukudanganya.

Na ndimi hazifanani. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa maabarani akishika unga wa kemikali iitwayo PTC, ukapeperuka hewani; mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu mno, Fox mwenyewe hakuonja kitu. Mwaka 2003 watafiti waliitambua jeni inayohusika, TAS2R38. Kipokezi kinachotengenezwa na jeni hiyo ndicho hicho kinachonasa viambato vyenye asili kama ile ndani ya jamii ya kabichi. Mtoto wako akisema "hii chungu" huku wewe huonji uchungu wowote, usimwone mkaidi. Huenda anaonja kitu ambacho wewe kimekupita, na watoto kwa kawaida huusikia uchungu zaidi ya watu wazima.

Kuna adui wa pili, na huyu tunamleta wenyewe: muda. Mboga za jamii hii zikikaa kwenye joto la maji kwa muda mrefu, viambato vya salfa vinazidi kuvunjika na kutoa gesi, ikiwemo hidrojeni salfaidi, ile ile inayonuka kama yai bovu. Uchungu ni wa mboga. Uvundo ni wa saa.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hawalisemi. Kuchemsha kwa kweli kunapunguza uchungu, kwa sababu glukosinoleti huyeyuka katika maji na unazimwaga pamoja na maji hayo. Shida ni kwamba unamwaga na sukari, na sehemu ya vitamini C, na ladha yote iliyofanya kikabichi kiwe kikabichi. Oveni na kikaango haviondoi uchungu kwa kiasi hicho. Vinauzungushia utamu na ukoko hadi uchungu uwe sehemu ya raha, kama ulivyo katika kahawa. Uamuzi wako wote uko hapo: unataka kuuosha uchungu, au kuupatia wenzake?

Oveni: chaguo langu kwa familia

Kwa watu wanne au watano, chukua gramu 700. Kata kipande chembamba cha kitako kilichokauka, usikate sana, maana kitako ndicho kinachoshika majani. Pasua kila kimoja kutoka kitakoni hadi kichwani. Vikubwa kupita kiasi vipasue mara nne. Majani yatakayodondoka usiyatupe. Hayo ndiyo aliyokuwa akiiba mwanangu.

Halafu vikaushe. Narudia kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza mchezo: vikaushe kwa kitambaa safi mpaka mkono wako usipate unyevu. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na maadamu pana maji juu ya mboga, uso wake hautapanda zaidi ya hapo. Ukoko wa kahawia wenye harufu nzuri unahitaji joto la kama nyuzi 140 na kuendelea, pale protini na sukari zinapoanza kushikana. Kikabichi chenye maji hakiokwi hata ukikitia ndani ya oveni. Kinajichemsha humo humo.

Washa oveni nyuzi 220 na uiache trei tupu ndani ipate moto. Changanya vikabichi kwenye bakuli na vijiko viwili na nusu vya chakula vya mafuta, na chumvi ya kutosha, kama robo tatu ya kijiko cha chai. Usiionee chumvi haya. Si kwa ajili ya kukoleza tu. Sodiamu yenyewe inaufanya ulimi usiusikie uchungu vizuri, na ndiyo maana mboga hii isiyo na chumvi huonekana chungu kuliko ilivyo. Toa trei, vipange uso uliokatwa ukitazama chini, vikilia vinapogusa chuma ujue umeanza vizuri. Viache nafasi. Vikibanana, mvuke wa kimoja unampikia jirani yake, na unarudi kwenye maji uliyokuwa unayakimbia. Kama ni vingi, tumia trei mbili.

Usivigeuze kwa dakika 15 za kwanza. Dakika ya 18 inua kimoja kwa ncha ya kisu utazame uso wake: ukiwa na rangi ya dhahabu iliyoiva, na kingo za kahawia iliyokolea, bado dakika tatu au tano. Vya wastani humaliza kati ya dakika 20 na 25. Ndani vinakuwa laini kama siagi, nje majani yanavunjika kwa mlio, na ule uso uliogusa chuma una ukoko mtamu.

Vitu viwili huharibu kazi hii mwishoni. Asali, na chochote chenye sukari, ikitiwa mwanzoni inaungua na kuwa chungu, yaani unaongeza kile kile ulichokuwa unakikimbia. Itie dakika nne za mwisho. Kitunguu saumu kilichokatwakatwa nacho ni hivyo hivyo. Ama ukitie mwishoni, ama utie punje nzima na maganda yake tangu mwanzo, kisha uzikamue zikiwa zimelainika. Limau au siki subiri mpaka trei iwe mezani: tindikali na joto hugeuza rangi ya kijani kuwa ya zeituni iliyochoka.

Ubaya wa oveni? Inakula muda kupata moto, kama dakika 15 kabla hujaanza, na kuiwasha kwa ajili ya kiganja kimoja cha mboga ni hasara. Pia vikabichi vya oveni havipendi kungoja. Ukivifunika ili visipoe, mvuke unalainisha ukoko wote kwa dakika chache. Kama mlaji mmoja huchelewa kila siku, mbakizie vyake bila kuvifunika, atavila vimepoa kidogo, na bado vitakuwa vitamu.

Kikaango: kwa wawili au watatu, na kwa mwenye haraka

Kikaango kizito, cha chuma cha kuyeyushwa kama unacho, kinatoa ukoko mzuri kuliko hata oveni, kwa sababu chuma kinagusa mboga moja kwa moja bila kusubiri hewa. Kikwazo ni ukubwa. Kikaango cha sentimita 28 hadi 30 kinachukua gramu 350 hadi 400 kwa tabaka moja, na tabaka moja ndilo sharti. Ukipandisha ghorofa, la juu halitapata rangi.

Pasha vijiko viwili vya mafuta kwa moto wa kati unaoelekea juu. Panga nyuso chini. Nyunyiza chumvi. Kisha ondoa mkono. Dakika tano nzima bila kukoroga, na najua jinsi mwiko unavyowasha kiganja wakati huo. Nyuso zikishakuwa za kahawia, geuza, mimina vijiko vitatu vya maji pembeni, funika dakika mbili hadi tatu, funua, acha maji yakauke.

Maji hapa yameingia kwa mlango wake: kidogo, mwishoni, baada ya ukoko kushika, na kazi yake ni kupeleka joto katikati ya kikabichi ili kisiwe kigumu. Ukigeuza mpangilio, maji kwanza na mafuta baadaye, utapata mboga iliyochemshwa na kupakwa mafuta. Viungo ni vile vile, dakika ni zile zile, ila chakula ni kingine kabisa.

Faida kubwa ya kikaango ni mchuzi. Ukishatoa kifuniko, tia kipande cha siagi, kijiko cha chai cha haradali na kijiko kimoja cha siki, tikisa kikaango mara tatu nne, na kila kikabichi kinavaa koti linalong'aa. Kwenye oveni mchuzi kama huo ungekauka juu ya trei. Ikiwa nyumbani kwako watu wanapenda ladha za uchachu na ukali, chagua kikaango hata kama oveni ipo.

Kukata nyembamba: kwa aliyeapa kutokula

Kuna mtoto, na kuna mtu mzima pia, ambaye tatizo lake haliko ulimini tena. Ameshakiona kile kiduara cha kijani na moyo wake umefunga mlango. Kwa huyo badilisha umbo. Kata kitako, laza kikabichi upande uliokatwa, ukate vipande vyembamba kama vya kachumbari ya kabichi. Gramu 500 zinatoa mlima mkubwa unaotisha, na ukigusa moto unashuka nusu.

Mafuta kikaangoni, kitunguu saumu kwa nusu dakika, kisha mlima wote, moto mkubwa, koroga dakika nne hadi tano. Toa ukingali na uhai kidogo menoni. Limau mwishoni, na karanga au mbegu zilizokaangwa juu yake. Kwa kuwa umekata sana, ukali wa haradali niliousema hapo juu unajitokeza zaidi kabla ya moto kuutuliza, kwa hiyo kata ukiwa tayari kupika; usikate asubuhi kwa ajili ya jioni. Hii ndiyo njia yenye kazi nyingi ya kisu na dakika chache za moto. Ukoko unapata kidogo tu. Lakini haraka yake haina mpinzani, na nimewaona watu wakiomba tena bila kujua walichokula ni nini.

Mbichi pia vinalika kwa mkato huu huu, vikikandwa kwa chumvi na limau kwa dakika kumi. Kwa familia inayoanza kuvizoea, sipendekezi. Anza na moto.

Mvuke: unapohitaji ulaini bila kupoteza

Mvuke ni njia ya heshima inayodhaniwa kuwa chakula cha wagonjwa. Vikabichi haviogelei, kwa hiyo vitamini inayoyeyuka katika maji inabaki zaidi kuliko ukichemsha, na hilo si dogo: gramu 100 za vikabichi vibichi zina takriban miligramu 85 za vitamini C, zaidi ya chungwa kwa uzito ule ule. Vilivyopasuliwa hutaka dakika tano hadi sita, vizima vya wastani saba hadi nane. Kisu kipite kikizuiwa kidogo. Rangi iwe ya kijani kibichi inayokaribia kung'aa. Ikianza kufifia umechelewa.

Ladha yake ni safi, ya kabichi tamu, na haina mahali pa kujificha. Ndiyo maana mvuke unadai kitu cha kuuvisha: siagi iliyoyeyushwa mpaka ikawa na harufu ya njugu, au mafuta ya zeituni yenye kitunguu saumu na ganda la limau lililokwanguliwa. Mlaji mdogo anayeanza vyakula vigumu, au mzee ambaye meno yamemchosha, atapata hapa ulaini wa kutosha. Kwa mtoto mdogo vikate vipande vidogo au uviponde; usimpe kizima, maana mviringo ule ni hatari kooni.

Pia mvuke unasaidia vikabichi vikubwa vigumu. Vipe dakika tatu za mvuke, vikaushe, kisha vimalizie kikaangoni nyuso chini. Ni kazi mara mbili, ila katikati haitabaki mbichi wakati nje inaungua.

Maji: lini yana haki yake

Sitaki kuyafukuza maji kabisa. Kama unataka vikabichi vya kuponda na siagi, au vya kumwagia mchuzi wa maziwa na jibini kisha kuoka juu kidogo, kuchemsha ni sawa, na kwa mwenye ulimi mkali sana dhidi ya uchungu huenda ndiyo njia pekee atakayoivumilia. Chemsha maji mengi yenye chumvi mpaka yachachamae, tia vilivyopasuliwa, usifunike, hesabu dakika tano. Onja. Sita ni nyingi kwa vidogo. Vichuje upesi na uviache vikauke kwenye chujio, visije vikamwaga maji ndani ya mchuzi wako.

Kuhusu ile desturi ya kuchora alama ya msalaba kwenye kitako ili kiive sawasawa: iache. Inafungulia maji mlango wa kuingia ndani. Kukipasua kunatosha na kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kwa jicho moja

| Njia | Muda wa moto | Kiasi kinachofaa | Utakachopata |
|---|---|---|---|
| Oveni, nyuzi 220 | dakika 20–25, na 15 za kupasha | g 700 na kuendelea | ukoko, utamu, majani makavu |
| Kikaango | dakika 8–10 | hadi g 400 | ukoko mzito, mchuzi unaoshika |
| Kukata nyembamba | dakika 4–5, kisu dakika 10 | g 500 | laini kidogo, ukali mwepesi |
| Mvuke | dakika 5–8 | chochote | kijani safi, laini, inahitaji siagi |
| Maji | dakika 5 | chochote | uchungu kidogo, ladha kidogo |

Kikaangio cha hewa moto sikukipa mstari wake kwa sababu ni oveni ndogo yenye feni. Nyuzi 190, dakika 12 hadi 15, tikisa katikati. Kinapata moto upesi, kwa hiyo kwa watu wawili kinaishinda oveni. Ila vikabichi vyake vinakauka kila upande badala ya kupata uso mmoja wenye ukoko, na majani yaliyolegea hurushwa na upepo hadi kwenye waya wa moto na kuungua. Yatoe kwanza.

Vya kununua pia vinaamua njia

Vidogo, vya kama sentimita mbili na nusu, vilivyofumba kwa nguvu na vizito mkononi kuliko unavyotarajia, ni vitamu zaidi na vinafaa njia yoyote. Vikubwa vilivyoanza kulegea vipeleke kwenye kisu, ukate nyembamba. Majani ya njano yaondoe. Yakiwa mengi, kiache dukani. Vilivyovunwa baada ya baridi kali huwa vitamu kuliko vya majira ya joto, kwa sababu mmea hukabiliana na baridi kwa kujaza sukari kwenye seli zake.

Vya barafu vina historia tayari: vimepitishwa kwenye maji ya moto kiwandani kabla ya kugandishwa, kwa hiyo vimeshaiva nusu na vina maji mengi. Usivichemshe tena hata kidogo. Kwenye oveni vinawezekana, ila usiviyeyushe kwanza. Trei iwe na moto hasa, nyuzi 230, mafuta, na uvumilivu wa dakika 25 hadi 30. Havitafikia vibichi. Kwenye mchuzi wa maziwa, hata hivyo, mlaji hatajua tofauti, na hapo ndipo ninapovitumia.

Neno moja kwa afya: mboga hii ina vitamini K nyingi, takriban mikrogramu 177 katika gramu 100. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin asiviongeze ghafla wala kuviacha ghafla bila kuzungumza na daktari wake. Na kwa tumbo linalojaa gesi upesi, anza na vitano, si kumi na tano.

Ungekuwa jikoni kwangu

Wageni wanakuja na oveni ina kitu kingine ndani? Panga trei ya pili, hakuna hata haja ya kufikiri. Jumatano usiku, watu watatu, njaa imeshafika mlangoni: kikaango, siagi, haradali. Mtoto ameapa: kata nyembamba leo, na wiki ijayo jaribu oveni bila kumwambia kitu, umwekee trei mahali anapoweza kuokota majani mwenyewe. Nimejifunza kwamba kile wanachojichukulia wanakila, na kile unachowapakulia wanakipima kwanza. Kuna mgonjwa au mtoto anayeanza kula mezani: mvuke kwa wote, kisha nusu ya vikabichi uvimalizie kikaangoni kwa ajili ya wengine, na hutakuwa umepika mara mbili.

Kama unavipika kwa mara ya kwanza kabisa, na unataka jaribio moja tu litakalokupa jibu la haki, vipike siku moja kwa njia mbili. Gramu 200 kwenye maji, gramu 200 kwenye kikaango, chumvi ile ile, weka sahani mbili mezani bila kusema kipi ni kipi. Nilifanya hivyo kwa mama yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kuchemsha. Alionja cha kwanza, akanyamaza. Alionja cha pili, akageuza kikabichi kwa uma akatazama ule uso wa kahawia, akaniuliza, "Mwanangu, hiki umekichoma kwa makusudi?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akavuta sahani karibu naye.

Vikibaki, viweke kwenye friji hadi siku tatu. Kuvipasha usitumie mikrowevu, vinarudi kuwa vya maji. Kikaango kikavu, nyuso chini, dakika tatu, na yai la kukaanga juu yake.